Habari ya Watoto Wetu na Watu Tunaowaamini

Mwezi huu twawaletea ninyi, na hasa mliobatizwa Pasaka iliyopita, habari iliyo chungu. Nayo si habari mpya. Imetangazwa katika redio na magazeti ya Bara Ulaya na ya Afrika kwa miaka mingi, na vijana wetu wamekwisha kuisoma katika simu zao kabla wazee wao hawajaisikia. Ni habari ya watoto walionajisiwa na watu wa dini: mapadre, mabruda, walimu, wamisionari, na watunzaji wa nyumba za mayatima.

Wako waliotushauri tusiandike. Walisema kwamba Wakristu wapya wakiyasoma mambo hayo watarudi nyuma, na wasio wa dini yetu watatucheka. Sisi twaona kinyume chake. Aliyebatizwa juzi ndiye aaminiye kuliko wote. Hajajua bado nani ni nani katika parokia. Akimwona mtu mwenye rozari shingoni na kitabu cha nyimbo mkononi, husema moyoni, huyu ni mtu wa Mungu, akamkabidhi mtoto wake bila kuuliza neno. Basi kama yuko mtu aliyepaswa kuambiwa kwanza, ndiye huyo. Tena habari hizi zikisemwa na adui zetu tu, na sisi tukanyamaza, watu watadhani kwamba twazipenda kimya kimya.

Tuanze na yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe.

Soni ni mji mdogo katika milima ya Usambara, katika njia ipandayo toka Mombo kwenda Lushoto. Hapo zamani mapadre wa shirika la Warosmini walikuwa na shule ya bweni huko, iitwayo Mtakatifu Mikaeli. Wanafunzi wake walikuwa wavulana wa Kizungu, ambao wazazi wao walifanya kazi huku Tanganyika, nao walitaka watoto walelewe Kikatoliki wala wasipelekwe mbali mpaka Ulaya. Waliwaamini mapadre kama vile sisi tunavyowaamini. Waliona kwamba mtoto akiwa mikononi mwa Kanisa yuko salama kuliko akiwa nyumbani.

Mmoja wa mapadre waliofundisha huko katika miaka ya 1960 aliitwa Kit Cunningham. Yeye, na wengine wa shirika lake, waliwatenda baadhi ya wavulana hao mambo ya aibu ambayo hatutayaeleza hapa. Baadaye padre huyo alirudi Uingereza, akawa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Etheldreda katika jiji la London, mojawapo la makanisa ya kale sana ya Wakatoliki huko. Akakaa hapo miaka mingi mingi. Watu wakampenda mno. Waandishi wa magazeti walikuwa rafiki zake, na akapewa nishani ya heshima ya Malkia. Alipokufa, mwezi wa Desemba 2010, magazeti yakamsifu.

Kumbe, kabla hajafa, wale wavulana wa Soni, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye mvi, walikuwa wamekwisha kutafutana kwa njia ya intaneti. Mmoja alimwandikia mwenzake, mwenzake akajibu, na kila mmoja akashangaa kuona kwamba hakuwa peke yake. Miaka arobaini na zaidi kila mtu alidhani kwamba ni yeye tu aliyetendwa hivyo. Wakaliandikia shirika. Cunningham na wenzake wakaandika barua za kuomba radhi, naye akairudisha ile nishani. Lakini waumini wa parokia yake hawakuambiwa. Wakamzika kama mtakatifu. Hata mwezi wa Juni 2011 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, likaonyesha habari hiyo katika televisheni, na wote wakajua.

Tumeieleza habari ya Soni kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wengi hudhani kwamba mtu anayeharibu watoto anaonekana usoni: mlevi, mkali, mtu asiyesali. Sivyo. Aghalabu ni mtu apendwaye, mcheshi, mwenye kutoa msaada, na wema wake kwa watu wengine huenda ukawa ni wema wa kweli. Ndiyo sababu mtoto akisema, hasadikiwi. Ya pili ni hii. Wale wavulana walikuwa watoto wa kabila la watawala. Baba zao walijua kusoma na kuandika, waliweza kumwandikia askofu, waliweza kumwita mwanasheria. Hata hivyo watoto wao hawakuweza kusema. Je, mtoto wa mlima mpunga wa Mang'ula au wa Mlimba, ambaye baba yake humvulia kofia katekista, ataweza?

Nchini Kenya nako yametokea. Askofu Cornelius Schilder, Mholanzi wa shirika la Mill Hill, aliliongoza jimbo la Ngong katika nchi ya Wamasai. Mwaka 2009 aliacha uaskofu, na watu wakaambiwa kwamba ni kwa ajili ya afya yake. Mwaka 2011 magazeti ya Uholanzi yakatoa habari kwamba sababu yenyewe ni nyingine: kijana mmoja wa Kimasai alimshtaki kwamba alimtenda vibaya tangu utotoni mwake, na wakuu wa Kanisa wakamzuia asifanye tena kazi ya upadre hadharani. Jambo moja latusikitisha hapo kupita mengine, nalo ni ule ugonjwa uliotajwa kuwa sababu. Wakristu wa Ngong waliambiwa habari ya afya ya askofu wao, wala hawakuambiwa habari ya yule kijana.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya Wakatoliki peke yao. Karibu na Boito, katika Bomet, Mmarekani mmoja aitwaye Gregory Dow, mmisionari wa Kiprotestanti, alifungua pamoja na mkewe nyumba ya watoto mwaka 2008. Watoto walimwita baba. Mwaka 2017 alikimbilia kwao Pennsylvania, baada ya watu kuanza kusema. Mwaka 2020 alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliwanajisi wasichana wanne wa nyumba hiyo, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka kumi na mitano na miezi minane. Mkewe naye alihukumiwa na mahakama ya Kenya, kwa kuwa aliwapeleka wasichana hospitali watiwe katika mikono yao dawa ya kuzuia mimba. Fikirini, wazazi, maana ya jambo hilo.

Na liko neno jingine katika habari ya huyo Dow. Kabla ya kuja Afrika, mwaka 1996, alikuwa amekwisha kuhukumiwa kwao Marekani kwa kosa la namna iyo hiyo. Hukumu hiyo iliandikwa, nayo yaweza kusomwa. Lakini alipofika Bomet na Biblia na fedha, hakuna aliyeuliza. Aliyemfuatia mpaka akashikwa hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mama mmoja Mkenya, mzaliwa wa sehemu zile, aliyekuwa akiishi Pennsylvania, ambaye aliposikia maneno alisafiri mwenyewe akaenda kuwauliza watoto.

Huko Ufaransa maaskofu wenyewe waliomba tume ya watu wenye kujitegemea ichunguze. Tume hiyo iliongozwa na Jean-Marc Sauvé, ikatoa taarifa Oktoba 2021. Ilikadiria kwamba tangu mwaka 1950 watoto 216,000 walinajisiwa na mapadre na watawa; nao wakihesabiwa pamoja na walionajisiwa na walei wenye kazi katika Kanisa, yaani walimu, viongozi wa vijana na wengineo, hesabu yapata 330,000. Twaomba walimu wa dini wenzetu waitazame hesabu hiyo ya pili. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni watu kama sisi.

Sasa turudi bondeni kwetu.

Wakapusini walifika huku toka Uswisi mwaka 1921, na Masista wa Baldegg pamoja nao. Wazee wetu walizikwa nao, walifundishwa nao, walitibiwa nao. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara imezalisha watoto wasiohesabika, na hao wakazaa wengine. Imani yetu kwa watu wa misioni haikuja bure; ilinunuliwa kwa kazi ya miaka mia. Mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo lenyewe, likakatwa katika jimbo la Mahenge, na leo mapadre wengi, masista wengi na makatekista wote ni watoto wa nchi hii, ndugu zetu. Ndiyo maana ni vigumu zaidi kusema. Mgeni akikosa, husemwa. Lakini ni nani atamsema shemeji yake?

Tena yako maisha yetu ya mpunga. Mvua zikianza, watu wengi wa Ifakara na vijiji vya kandokando huhamia mashamba ya mbali, wengine ng'ambo ya mto, wakajenga dungu wakakaa huko miezi kwa miezi, wakilinda mpunga na ndege na nguruwe mpaka mavuno. Watoto wadogo huwafuata mama zao. Wa shule hawawezi. Hao huachwa mjini na bibi aliye mzee, au na dada mwenye umri wa miaka kumi na minne, au hupangiwa chumba karibu na shule ya sekondari wakae wenyewe na gunia la mchele. Mtoto wa namna hiyo, jioni ikifika, ana njaa ya chakula na njaa ya mtu wa kumwuliza, umeshindaje? Na mtu atakayemwuliza kwa kawaida ni mtu wa Kanisa: mwalimu wa kwaya, kiongozi wa jumuiya, mlezi wa Utoto Mtakatifu, katekista. Mara tisini na tisa ni mtu mwema na amali yake ni njema. Lakini yule mwovu naye ajua kwamba kipindi cha kulima ndicho kipindi chake.

Wataalamu waliozungumza na watoto wengi waliodhurika, na waovu waliofungwa gerezani, wametueleza jinsi mambo yanavyokwenda, nayo hufanana katika nchi zote. Mwovu haanzi na nguvu. Huanza na urafiki, tena urafiki na wazazi kwanza. Huleta sukari, hulipa ada, hujitolea kumfundisha mtoto hesabu au kinanda. Kisha humchagua mtoto mmoja kati ya wengi, humpa zawadi ndogo, na kumwambia, usiwaambie wenzako wasije wakaona wivu. Hiyo ndiyo siri ya kwanza, nayo haina ubaya. Ni ya kumzoeza tu kutunza siri. Kisha humgusa kwa mchezo. Kisha humgusa si kwa mchezo. Mtoto akishtuka huambiwa, wewe mwenyewe ulikuja, wewe mwenyewe ulipokea; ukisema, mama yako atalia, baba atafungwa, Mungu atakasirika. Neno hili la mwisho ndilo silaha ya mtu wa dini ambayo wengine hawana. Mwizi wa barabarani hamtishi mtoto kwa moto wa milele.

Wako watoto walioambiwa, baada ya kutendwa, waende kuungama. Twalisema hili kwa sauti kubwa: mtoto aliyenajisiwa hakutenda dhambi. Hana la kuungama katika jambo hilo, hata kama alipokea zawadi, hata kama alirudi mara ya pili na ya kumi. Dhambi yote ni ya mkubwa. Tena mzazi asidhani kwamba mtoto akimweleza padre katika maungamo basi jambo limekwisha kupelekwa mbele. Padre hawezi kulitoa neno la maungamo, hata kwa kufa. Laweza kusemwa na mtoto au mzazi nje ya kiti cha maungamo, na hapo ndipo masikio yaliyolisikia hupaswa kufanya kazi.

Twaongeza jambo moja ambalo huenda halitawapendeza wengine. Mababu zetu Wapogoro, Wandamba na Wambunga walikuwa na njia zao za kumfundisha mwali habari ya mwili wake. Misioni iliona katika ngoma hizo mambo yasiyofaa, ikazikataza, na katika mengine ilikuwa na haki. Lakini mafunzo yale yalipoondoka, ni nini kilichowekwa mahali pake? Katika nyumba nyingi za Kikristu hakikuwekwa kitu. Shangazi amenyamaza, bibi amenyamaza, mama aona haya, na katekisimu yasema usizini, basi. Mtoto asiyejua jina la kiungo chake atasemaje kwamba kimeguswa? Mfundisheni mtoto, tangu miaka mitatu au minne, majina ya viungo vyake vyote kwa maneno ya adabu. Mwambieni kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani si za mtu mwingine kuchezea, hata awe padre, hata awe mjomba. Na kwamba siri yoyote imtiayo hofu yafaa kusemwa, wala hatapigwa kwa kuisema. Wanaofundishwa hivyo hawaharibiki tabia, kama wengine wanavyoogopa.

Mara nyingi mtoto hasemi kwa maneno wazi. Husema, "Bibi, leo sitaki kwenda kwaya." Na bibi, kwa kumheshimu mwalimu, hujibu, "Nenda mjukuu wangu, usimwudhi mwalimu wako." Akarudia wiki ya pili, akachapwa. Hatusemi kwamba kila mtoto asiyetaka kwaya ameharibiwa; wengine ni wavivu tu, tunawajua. Twasema aulizwe, kwa upole, peke yake, na asiyeuliza awe na haraka. Mtoto aliyekuwa hodari akaanza kushindwa shuleni, aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, anayeona maumivu akikaa, anayekuwa na fedha au vitu asivyonunuliwa, anayeogopa mtu mmoja tu: huyo kuna neno linalomsumbua.

Basi akisema, fanyeni nini? Kwanza msimpigie kelele, wala msimwulize mara kumi kumi kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Mwambieni, nimesadiki, umefanya vema kuniambia. Kama jambo ni la siku hizi, asioshwe, wala nguo zisifuliwe. Apelekwe hospitali upesi, siku iyo hiyo ikiwezekana, kwa maana dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi yapaswa kuanza kabla saa 72 hazijapita. Nendeni polisi, mkaombe Dawati la Jinsia na Watoto, mpewe fomu iitwayo PF3. Wakaao mbali, walio mashambani, waweza kupiga simu 116, ambayo ni ya kusaidia watoto nchi nzima.

Hapa ndipo twakutana na desturi yetu mbaya. Wazee wa pande mbili hukaa, hutolewa fedha au magunia ya mpunga, padre mmoja au kiongozi husema, tuyamalize kindugu, tusiliaibishe Kanisa. Na binti hurudishwa nyumbani. Baadaye yule mtu huhamishiwa kigango kingine, ambako wapo watoto wengine wasio na habari. Msikubali. Kumnajisi mtoto si deni la ukoo kwa ukoo. Ni kosa ambalo Jamhuri ndiyo inayolishtaki, na mzazi hana mamlaka ya kulisamehe kwa kupokea mchele. Ndugu zetu husema, je, Bwana wetu hakutufundisha kusamehe? Ndiyo, alitufundisha. Lakini Bwana yule yule alisema habari ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari kwa ajili ya mtu atakayewakosesha wadogo. Aliyedhulumiwa aweza kusamehe toka moyoni, wakati wake ukifika, na mkosaji akawa gerezani vile vile.

Sheria ya nchi haina shaka katika jambo hili. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mtu anayembaka msichana aliye chini ya miaka kumi na minane hufungwa miaka isiyopungua thelathini, na msichana akiwa chini ya miaka kumi, kifungo ni cha maisha. Anayemlawiti mtoto, mvulana au msichana, hufungwa maisha. Tena sheria hiyo imewataja kwa jina watu wenye mamlaka juu ya wengine: ofisa wa serikali, mtu wa hospitali, mganga wa kienyeji, na kiongozi wa dini anayetumia cheo chake. Watunga sheria wa Dodoma walituona. Wala si kweli kwamba mtoto hawezi kushuhudia. Mahakama humsikiliza mtoto mdogo bila kiapo, akiisha kuahidi kusema kweli na kutosema uongo, na ushahidi wake peke yake, hakimu akiusadiki, watosha kumtia mtu hatiani.

Na Kanisa nalo limeamka, ingawa limechelewa. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaita wakuu wa maaskofu wa dunia yote Roma mwezi wa Februari 2019 kwa ajili ya jambo hili hili. Mei mwaka ule akatoa amri kwamba kila padre na mtawa apatapo habari ya mtoto aliyenajisiwa na mtu wa Kanisa lazima aipeleke kwa wakuu, na kwamba kila jimbo liwe na mahali pa kupokea mashtaka hayo, wala aliyeshtaki asifungwe mdomo. Desemba 2019 aliondoa siri ya Kipapa iliyokuwa ikifunika kesi hizo. Na katika sheria mpya za adhabu zilizoanza kazi Desemba 2021, adhabu hazikuachwa kwa mapadre tu. Mlei yeyote mwenye cheo au kazi katika Kanisa akikosa hivyo naye ataadhibiwa. Katekista yumo. Lakini kumpelekea askofu habari hakuondoi wajibu wa kwenda polisi. Ni mambo mawili, na yote mawili hufanywa.

Twajua swali litakaloulizwa kwenye mabaraza: je, mtu akisingiziwa? Yaweza kutokea, nasi walimu wa dini twalihofia kuliko wengine. Ndiyo sababu yako mahakama na uchunguzi. Mtu akishtakiwa, atengwe na watoto mpaka ukweli ujulikane; kutengwa siyo hukumu. Tena mwalimu mwenye busara hujilinda mwenyewe na watoto kwa njia iyo hiyo: mafundisho yafanyike mlango ukiwa wazi, mahali wapitapo watu, asikae na mtoto mmoja chumbani, kwaya ikisafiri kwa mkesha, waende akina mama wawili au watatu pamoja nayo, na wavulana na wasichana walale mbali na mwalimu, ujumbe wa simu usipelekwe kwa mtoto bali kwa mzazi. Katekista anayeudhika akiambiwa hayo, afaa aulizwe kwa nini yamemwudhi.

Na wazazi wanaohamia mashambani, kabla ya kuondoka mtafuteni mtu mzima wa ukoo, mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye mtoto ajua kwamba ndiye wa kumkimbilia usiku. Mtu huyo asiwe yule anayemlipia ada.

Serikali pamoja na shirika la UNICEF na wataalamu wa Muhimbili waliuliza vijana wa nchi nzima mwaka 2009. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema kwamba walitendwa ukatili wa namna hii kabla ya kufikia miaka kumi na minane. Wengi wao walitendwa na majirani, jamaa, marafiki na hata wageni. Waliotendwa na watu wa dini ni sehemu tu. Lakini hesabu hiyo yatuambia neno jingine lituhusulo sisi: Jumapili, tukitazama benchi la watoto, tayari wamo waliodhurika, nasi hatuwajui.

Kuhusu hao tuna ombi kwa akina mama wa parokia. Tumesikia mahali pengine kwamba msichana aliyetendewa ubaya, habari yake ikijulikana, husogezwa kando. Husemwa si mwali tena, si safi. Akifika wakati wa Komunyo ya kwanza wanawake hunong'ona kama yafaa avae nguo nyeupe. Mvulana naye huchekwa na kupewa jina. Hilo halitoki katika mafundisho ya Kanisa popote. Msichana huyo ashonewe nguo yake pamoja na wenzake, kwa kitambaa kile kile, na asimamishwe katika mstari mahali kimo chake kinapompeleka.